Maua ya Kando ya Njia

SOMO LA FAMILIA
Masomo ya kusoma kwanza: Mathayo 6:25-34, Zaburi 103:13-18, Mwanzo 16:1-14



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko Katwe, Nsambya, Masajja, Ndejje na kando zote za mji huu wa Kampala, pamoja na ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali ambao hulipata gazeti letu kwa mikono ya wasafiri. Somo la safari hii halikutoka kwenye kitabu cha mafundisho. Limetoka kwenye malalamiko.

Tangu mvua za mwezi wa tatu zianze, darasa letu la vijana limekuwa likitoka kila Jumamosi asubuhi, likiwa na simu nne za kuazimana, kwenda kupiga picha za maua. Si maua ya bustani za matajiri wa Muyenga. Ni yale yanayojiotea yenyewe kando ya reli, juu ya mitaro na katika viwanja ambavyo mwenyewe hajajenga. Basi papa mmoja alinisimamisha mlangoni baada ya ibada, akaniambia, "Mwalimu, heshima yako. Lakini watoto wangu wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo, na wewe unawafundisha kupiga picha za majani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake ni la haki. Nimelibeba wiki kadhaa. Somo hili ndilo jibu langu, na mtaona kwamba si jibu la ushindi.

Kutazama ni agizo

Tukisoma Mathayo sura ya 6, wengi wetu hukimbilia mwisho, pale Bwana anapotukataza kuhangaikia kesho. Tunaruka mstari wa 28. Katika mstari huo Bwana hasemi tu kwamba maua ni mazuri. Anatoa agizo. Neno la Kiyunani lililoandikwa pale lina maana ya kujifunza jambo kwa makini mpaka ulielewe, kama mwanafunzi anavyokaa mbele ya ubao. Luka naye, katika 12:27, ametumia neno la kufikiri sana. Yaani Bwana aliwapeleka watu wake shuleni, na mwalimu wa shule hiyo lilikuwa ua la kondeni ambalo hakuna aliyelipanda.

Aliwaambia akina nani? Watu waliokuwa wakiuliza watakula nini na watavaa nini. Hakusubiri washibe ndipo awaonyeshe maua. Na angalieni mstari wa 30, anapotaja majani yanayotupwa motoni. Katika nchi ile kuni zilikuwa haba, na watu waliokota majani makavu na mabua ili wapate moto wa kuoka mkate. Hayo ni maneno ya mtu anayezijua nyumba zinazonunua makaa kwa kopo moja moja. Wachunguzi wengi wa Biblia hudhani kwamba maua yale yalikuwa pamoja na yale mekundu yanayofunika vilima vya Palestina wakati wa baridi na masika, kisha jua likija yanakauka yote. Ua la wiki chache tu, na Bwana analiweka mbele ya Sulemani!

Kwa hiyo kumwambia kijana apige magoti mbele ya ua, alitazame vizuri, ni kumtii Bwana. Simu ni njia tu ya kumfanya akae pale dakika tano bila kuona haya.

Jinsi tunavyofanya

Wazazi wameomba kujua, nami naeleza kwa kifupi.

Simu ya bei kubwa haihitajiki. Kwanza pangusa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu simu iliyokaa mfukoni ina mafuta ya vidole, na picha nyingi mnazosema zina ukungu hazina kosa lingine. Toka mapema, kati ya saa moja na saa tatu. Sisi tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua la saa sita linasimama juu ya kichwa na kuziunguza rangi zote. Ua jekundu linatoka kama limefuliwa kwa jiki. Siku ya mawingu ni baraka. Piga magoti, macho yako yawe sawa na ua. Usivute picha kwa vidole viwili, sogea kwa miguu, lakini usikaribie kupita upana wa kiganja, maana simu nyingi hapo hazioni tena. Gusa ua kwenye kioo ili simu ijue unataka nini. Upepo ukivuma, kinga kwa mwili wako na usubiri. Wala usilichume. Likichumwa limekwisha, na aliye nyuma yako hataliona.

Tena kuna mambo ya usalama, na haya nayasema kwa sauti. Msipige picha karibu na kambi za askari, vituo vya polisi wala ofisi za serikali, hata kama ua ni zuri namna gani. Mimi mwenyewe nimewahi kushikwa mkono na mlinzi wa jengo moja kwa sababu ya maua yaliyokuwa chini ya ukuta wake, na nilichukua nusu saa kumwonyesha kwamba kwenye simu mna maua tu. Ombeni ruhusa kwa mwenye kiwanja. Zimeni kile kipengele cha simu kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Na picha yenye sura ya mtu msiiweke kwenye intaneti bila yeye kukubali. Kati yetu wako waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Yale tuliyoyaona

Nilidhani tutamaliza maua yote kwa Jumamosi mbili. Tumeendelea miezi.

Anzeni na lile kubwa la njano linalofanana na alizeti, ambalo Waganda huliita kimyula. Ninyi wa Kivu mnalijua sana, limejaa kando za barabara kule kwetu. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani, nalo lilivushwa bahari na watu. Wakulima hulikata majani wakayafukia shambani kuwa mbolea. Sasa, msichana mmoja alilipiga picha kwa karibu, akaikuza, akapiga kelele. Tulichokuwa tunakiita ua moja ni kusanyiko. Pale katikati mna vijiua vingi vidogo vidogo vimebanana, kila kimoja kikiwa na mdomo wake. Na yale majani marefu ya njano ya pembeni, ambayo ndiyo tunayoyaona kwa mbali, nayo kila moja ni kijiua, lakini hayazai mbegu. Kazi yake ni kuita nyuki. Mbegu zinatoka kwa wale wadogo wa katikati wasioonekana.

Someni 1 Wakorintho 12:22-23 mkiwa na picha hiyo mkononi. Sisi tunaovaa tai na kukaa viti vya mbele tujiulize tuko upande gani wa ua. (Mzee mmoja wa kanisa alicheka niliposema hivi, kisha akaacha kucheka.)

Kishona nguo, ambayo Waganda huiita ssere, kila mtoto anaijua. Kijiua chake ni cheupe na njano, hakina sifa. Lakini mbegu yake nyeusi, nyembamba, ina miiba miwili au mitatu yenye vijinoo vya kurudi nyuma, na inashika kila nguo inayopita. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu. Nao ulitoka Amerika, ukaenea karibu nchi zote za joto, kwa kushika manyoya ya wanyama na nguo za wasafiri. Niliwauliza vijana, "Ni nani aliyefika Uganda na mbegu hizi kwenye nguo?" Mikono ikainuka. Mmoja aliyevuka Bunagana mwaka 2022 alisema mama yake alikaa chini baada ya mpaka, akaanza kuzing'oa moja moja kwenye kitenge, asiseme neno, mpaka zikaisha. Watu wanamwona mkimbizi kuwa mtu aliyefika mikono mitupu. Matendo 8:1-4 panasema namna nyingine: waliotawanywa na mateso ndio waliolipeleka Neno kila walikopita. Sisemi kwamba mateso ni mema. Nasema mbegu haikuchagua njia ile, lakini pale ilipoanguka ikaota.

Nnanda ni lile la bluu, dogo kama ukucha. Linafunguka asubuhi na kufikia mchana limejikunja, kwa hiyo anayelala hadi saa nne hataliona. Jambo lake kubwa halipigiki picha. Mmea huu huweka maua mengine chini ya udongo, hayafunguki kamwe, hayaoni jua, na bado yanazaa mbegu. Ukiukata juu, wa chini wameshamaliza kazi. Nawafikiria mama zetu wanaofua nguo za watu mlango kwa mlango, na kuomba usiku.

Kuna na lile la zambarau hafifu, lenye manyoya, ambalo wanalitumia sana kwa dawa za kienyeji. Kwa Kiganda linaitwa namirembe, jina lile lile la kilima cha kanisa kuu, na ndani yake mna neno amani. Linaota hasa pale ardhi ilipolimwa au kuchimbwa. Sina la kuongeza hapo.

Si kila ua tumelisifu. Ua zuri kuliko yote niliyopiga mimi lilikuwa gugu maji kule Ggaba, la zambarau lenye jicho la njano, lingefaa harusi. Lilitoka Amerika ya Kusini, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 lilipoonekana katika Ziwa Victoria limefunga bandari, limenasa mitumbwi na kuwanyima wavuvi samaki. Katikati ya miaka ya 1990 ilibidi waachiliwe wadudu fukusi ili walile. Likapungua sana, kisha likarudi mara kwa mara. Vijana waliuliza kama ni dhambi kulipiga picha. Niliwajibu kwamba si dhambi, ila tusiandike chini yake kwamba ni zuri tu tukanyamaza.

Kifauwongo

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndipo tulipokaa sana.

Kifauwongo mnakifahamu, kile kinachojikunja ukikigusa. Waganda wanakiita weewumbeko. Ua lake ni kama kijimpira cha nyuzi za waridi. Tulikikuta kwenye nyasi zenye unyevu, na kila mtoto akataka kugusa. Kwa dakika moja mmea wote ulikuwa umefunga majani, umelala kama uliokauka, na picha haikuwezekana. Wakaanza kuutikisa ili uamke. Ukazidi kufunga.

Katika darasa letu kuna mvulana, jina lake silitaji, ambaye tangu afike hasemi na watu. Huja, hukaa, huenda. Wakubwa kwa upendo tulikuwa tukimsukuma: imba, sema jina lako, mbona huchezi na wenzako? Asubuhi ile wenzake walipochoka na kwenda kwa maua mengine, yeye alibaki amechuchumaa mbele ya kifauwongo bila kukigusa. Niliangalia saa. Kiasi cha dakika kumi hivi, majani yakaanza kufunguka, moja baada ya lingine, kuanzia chini. Akapiga picha. Akaniletea simu, akanionyesha, akarudi kukaa.

Hakusema neno, na mpaka leo hasemi sana. Sitaki mtu aandike hapa ushuhuda ambao haujatokea. Lakini mimi ndiye niliyefundishwa. Mmea ule haufungi kwa ukaidi. Unafunga kwa sababu umeguswa, na kila unayemgusa tena ili afunguke unamwongezea muda wa kufunga. Isaya 42:3 inamweleza Mtumishi wa Bwana ambaye hata mwanzi uliopondeka hatauvunja. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, lakini sikuwahi kuiona katika watoto wa kwetu.

Baadaye nilisoma jambo kuhusu mmea huu. Mwaka 2014 wachunguzi wa chuo kikuu kimoja cha Australia walichapisha majaribio yao: waliviangusha vyungu vya kifauwongo kutoka juu kidogo, kwenye kitu laini, tena na tena, bila kuumiza. Mwanzoni mmea ulifunga majani. Baada ya mara kadhaa ukaacha kufunga, kana kwamba umejua kuanguka kule hakudhuru, na baada ya wiki nne bado ulikuwa hivyo. Si wanasayansi wote wanaokubali kuita jambo hilo kujifunza. Mimi si mwanasayansi. Ila nimewaomba walimu wa shule ya Jumapili wasimwite tena yule mvulana mbele. Atakaa pembeni, kila Jumapili mahali pale pale, na hakuna baya litakalompata. Tuhesabu wiki.

Kosa langu

Mwezi wa saba tulimzika koko mmoja, kama tunavyowaita wazee kwetu. Wengi wenu mlikuwepo. Familia ilitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Picha zote za maisha yake zilibaki ukutani katika nyumba ambayo sasa wanakaa watu wengine, kama bado ina kuta. Ilipatikana moja tu, ile ndogo ya karatasi ya usajili wa ukimbizi, ambamo ameambiwa atazame mbele na asicheke. Binti yake alikataa. Alisema, "Mama hakuwa huyu."

Ndipo mjukuu wake, ambaye yuko katika darasa letu, akakumbuka picha moja kwenye simu. Alikuwa amepiga kimyula karibu na bomba la maji, na koko alikuwa nyuma amebeba dumu, anacheka. Tulipoifungua, ua lilikuwa safi kabisa, kila unyoya unahesabika. Koko alikuwa ukungu. Kitenge chake kilionekana rangi, na kicheko kilionekana kwa mbali, lakini uso haukuwa na macho.

Mimi ndiye niliyewafundisha. Niliwaambia, "Guseni ua kwenye kioo, vya nyuma vitafifia, picha itapendeza." Walitii. Mtoto angegusa sentimita mbili tu pembeni, tungekuwa na uso wa bibi yake. Waliichapisha hivyo hivyo kwenye duka la picha, ikakaa juu ya jeneza, na watu walisema ni nzuri. Mimi sikuweza kuitazama sana.

Basi papa yule wa mlangoni alikuwa na sehemu ya haki, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Maua Bwana alituagiza tuyatazame. Lakini katika mstari wa 30 anauliza habari ya watu: ikiwa Mungu anayavika majani, si zaidi ninyi? Mimi nilisimama kwenye majani.

Ndiyo maana nimeongeza Mwanzo 16 katika masomo. Hajiri alikuwa mtumwa, mgeni katika nyumba ya watu, mjamzito, amekimbia, amekaa kando ya chemchemi katika njia ya jangwani. Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Kule ndiko alikompa Mungu jina, na jina lenyewe linahusu kuona: Mungu anayemwona. Abramu na Sarai walikuwa wakimwita mjakazi tu. Malaika alimwita kwa jina lake. Zaburi 103 nayo inasema siku za mwanadamu ni kama ua ambalo upepo ukilipitia halipo, na hata mahali pake hapalijui tena. Mimi niliyeona nyumba ya baba yangu mara ya mwisho kwa kugeuza shingo, naujua mstari huo. Lakini zaburi haikomi hapo. Someni mpaka mstari wa 18 kabla hamjafunga kitabu.

Ya kufanya nyumbani

Kila familia isome masomo matatu yaliyotajwa juu, kwa jioni tatu tofauti. Mkiwa pamoja, kila mmoja ataje ua moja alilolijua kule alikotoka, lilikuwa linaota wapi, na nani alikuwa akipita hapo. Wazee waanze, na watoto waliozaliwa hapa Kampala waulize maswali. Msiharakishe. Kama kuna mtu ambaye hataki kusema, aachwe.

Halafu mjadili: Je, nyumbani kwetu ni nani aliye ukungu, yaani yupo kila siku lakini hatumtazami? Na je, ni nani tunayemgusa-gusa ili afunguke?

Mvua za mwezi wa tisa zikianza, darasa litaendelea Jumamosi, saa moja kamili, mlango wa kanisa. Kila kijana atapiga picha mbili mahali pamoja: ya kwanza ua, ya pili mtu mzima anayeishi karibu na ua hilo, kwa ruhusa yake, na uso wake uonekane vizuri. Wazee watakaopenda kupigwa picha nyumbani waandikishe majina kwa mama kiongozi baada ya ibada. Picha zitachapishwa kwa mchango wa sadaka ya Jumapili ya nne, moja kwa kila mzee, akae nayo. Papa wa mlangoni ameshaandikisha jina la mama yake. Naye ameomba apigwe picha akiwa ameketi, kwa sababu ya miguu, na shati lake la bluu analiosha Ijumaa.